Doa Kwenye Gauni Jeupe

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Huku wote tunapumua, ila kila mmoja kwa namna yake. Mgeni ameanza kunenepa kidogo. Bado hatujakubaliana jina, kwa hiyo mtoto wa pili wa nyumba hii anaitwa Mgeni, na kweli ana tabia za mgeni: anakula, analala, hasaidii kazi. Alizaliwa kabla ya wakati kama unavyojua, na manesi wamenikataza kusafiri naye mpaka afikishe uzito wanaoutaka wao. Baba yao yuko na lori lake. Ukimwuliza habari za safari anasema "salama," hata kama lori limelala ubavu. Mimi nashona sare za shule huku nimembeba Mgeni kifuani. Juzi nilisinzia kwenye cherehani nikaunganisha mkono wa shati na kola. Wenzangu kazini walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi hata nguvu za kucheka sikuwa nazo.

Sasa, Shangazi, kaa chini. Umekaa?

Pilipili, dada mtu, alikanyaga sindano ya cherehani iliyokatika, chini ya meza yangu. Tuliitoa, tukaona imekwisha, kidonda kikafunga juu. Kumbe ncha ilibaki ndani ya kisigino na huko chini kunaoza. Mguu ukavimba, homa ikapanda, nikambeba mpaka zahanati. Wakampa dawa ya maumivu na sindano ya kuua vijidudu. Sikumaliza hata kumfunga kifungo cha gauni. Mtoto aliiva, Shangazi. Wekundu ulianza kichwani ukashuka kama mtu anammwagia rangi. Akatapika, midomo ikavimba, macho yakageuka. Nilimwona mwanangu anaondoka huku ameshika kidole changu. Nesi akamchoma sindano nyingine pajani, nikajisikia mwenyewe napiga kelele, "Msimwongezee! Msimwongezee!" Kumbe hiyo ndiyo iliyomrudisha.

Baadaye daktari akamvua, akatazama mgongo. Unayakumbuka yale madoa ya kahawia? Wewe ulisema mbu, mama mkwe akasema joto, mimi nikasema ni urembo wake. Daktari alichukua kifuniko cha kalamu akasugua doa moja, taratibu tu. Likainuka palepale mbele ya macho yangu, likavimba kama limeumwa na siafu. Akasema, "Mama, haya si madoa. Huu ni ugonjwa, na anao tangu akiwa mchanga."

Alinieleza hivi. Mwilini tuna chembe za ulinzi, zinaitwa seli za mast, na kila moja imebeba mfuko wa kemikali wa kummwagia adui. Pilipili anazo nyingi kupita kiasi, tena zina wasiwasi. Ni kama askari wengi wamerundikana kwenye geti moja, halafu wote waoga: paka akipita, wanapiga filimbi na kufyatua kila walichonacho. Kinachowashtua ni joto, baridi, kusuguliwa, kuumwa na nyigu, homa yenyewe, na baadhi ya dawa. Na sisi tulimpa jina la Pilipili kwa sababu alikuwa akiiva kila akiogeshwa maji ya moto. Tulikuwa tunaucheka ugonjwa, tukaupa na jina.

Hospitali yenye wataalamu wa mambo haya iko mjini kwako. Baba yake anamleta, na barua hii iko mkononi mwake. Wewe ndiye uliyenilea tangu kaka yako alipofariki, sina mwingine wa kumpa mtoto wangu. Lakini hapa nitasema kama mkubwa wako, unisamehe baadaye.

Asipewe dawa yoyote ambayo haikutoka mkononi mwa daktari wake. Si ya kichwa ya dukani, si ya kikohozi, si majani ya jirani hata kama jirani ana huruma. Asiogeshwe maji ya moto wala ya baridi, na usimsugue kwa dodoki, naujua mkono wako. Kwenye mfuko wa njano kuna sindano ya dharura, ipo kama kalamu nene. Ukiona anaiva na kutapika, au sauti inakwaruza, au analegea, toa kifuniko, ikandamize ubavuni mwa paja, hata juu ya nguo. Usingoje kuona kama atapata nafuu. Choma kwanza, piga kelele baadaye, halafu mkimbize hospitali.

Ningekupigia simu, ila najua wewe na simu hamsikilizani.

Mimi binti yako,
Mama Pilipili


19 Machi

Mwanangu, mke wa dereva,

Marahaba. Magoti yanasema wanachosema wazee wote: leo hapana, kesho tutaona. Kweli simu naisikia kama nyuki ndani ya debe, masikio yangu niliyaacha kule kiwandani, na herufi za simu ni ndogo kama chawa. Barua naisoma kwa miwani na kwa nafasi. Mgeni mbusu. Mwambie hapa kwangu wageni huosha vyombo.

Nimepunguza biashara. Barafu zangu za rangi nawauzia watoto wa shule wakati wa mapumziko tu, halafu nafunga sanduku naenda wodini. Wananiuliza, "Bibi Barafu, ile nyekundu iko wapi?" Nawaambia nyekundu ina mgonjwa.

Sasa habari yenyewe. Walimlaza, wakampasua kisigino, wakaitoa ile ncha. Daktari wake hana hata unywele mmoja, Pilipili anamwita Kipara mbele ya uso wake na yeye anaitika. Kwa sababu sisikii vizuri, Pilipili ndiye mkalimani wangu. Daktari akisema, yeye anakuja kunipigia kelele sikioni: "SHANGAZI! ANASEMA DAWA YA USINGIZI WAMEICHAGUA ILE ISIYONISHTUA!" Wodi nzima sasa inajua mambo yetu.

Usaha waliutoa, lakini mfupa umeguswa. Kwa hiyo anahitaji dawa ya vijidudu wiki nyingi, si siku mbili tatu. Hapo ndipo nilipoona mambo, mwanangu. Dripu ya kwanza haikufika popote. Ilikuwa inadondoka polepole kama bomba bovu, na bado aliiva shingo na kifua, akaanza kujikuna mpaka wakamshika mikono. Wakaichomoa. Mimi nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mkononi, mpaka leo sijui kwa nini nilikuwa nimekivua.

Kipara akasema, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wakampa kwanza dawa ya mzio ya kuwatuliza wale askari wako. Kisha mfamasia wa hospitali akaleta dawa nyingine, unga mweupe mtupu, haujatiwa rangi wala utamu wala harufu, akasema mara nyingine si dawa inayomshtua mtoto kama huyu, ni vile vikorombwezo vyake. Wakampa chembe kidogo kama chumvi ya kuonja, wote tumekaa tunamtazama kama televisheni, sindano ya dharura iko kwenye sinia. Hakuna kitu. Wakaongeza. Hakuna kitu. Sasa anakunywa kipimo kizima na rangi yake ni ileile aliyozaliwa nayo. Kesho wanaturuhusu kwenda nyumbani, na dawa ataendelea nayo kwangu.

Shida moja tu, ni chungu. Mimi mwenyewe nililamba. Ulimi ulijikunja kama kobe. Pilipili anafunga meno, anageuza uso, kijiko kinaruka. Lakini usianze kunifundisha kunywesha mtoto dawa. Wewe ulikuwa unauma vijiko, na bado ulikua.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chupa ya Mgeni. Ameongezeka uzito, shingo imeanza kuonekana kama shingo. Baba yao alipofika nilimwuliza, "Pilipili yukoje?" Akasema, "Salama." Nikamwambia ningekuwa na uwezo ningekusugua wewe kwa kifuniko cha kalamu nione kama utavimba maneno.

Nilipofika pale uliposema hakuna kitu, hakuna kitu, niliiweka barua juu ya cherehani nikalia kwa kwikwi, mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Kumbe mtu anaweza kulia kwa sababu mtoto hakubadilika rangi.

Pole kwa vita vya kijiko. Nakumbuka vya kwetu. Niliuma vijiko vyako, ndiyo, mpaka ulipoanza kunigandishia dawa ndani ya barafu nyekundu. Unakumbuka? Nilikuwa nainyonya pale kizingitini, ulimi mwekundu, kidevu chekundu, kifua cha sare chekundu, na dawa imeshapita bila kuniaga. Nilikuwa naomba niumwe tena. Sijapata kupendwa namna ile na mtu mwingine. Laiti Pilipili naye angekuwa na barafu yake.

Mbusu kwenye paji la uso, taratibu, usisugue.

Mimi binti yako,
Mama Pilipili


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgeni hajambo?

Najua daktari ameshakupigia. Mimi nitaandika kidogo.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilimpa dawa kama tulivyozoea. Alikuwa anacheka. Halafu akasema, "Shangazi, miguu yangu inawaka," na nilipomtazama nilimwona anaiva kuanzia masikioni. Akatapika. Sauti ikawa kama ya mzee. Nilifanya ulivyoandika, nilitoa kifuniko, nikachoma paja juu ya nguo, sikungoja, na kelele nilipiga baadaye. Jirani mwenye pikipiki alitubeba. Njiani kichwa chake kilikuwa kinapiga kifua changu kama cha mdoli.

Amezinduka. Anakula. Lakini Kipara ameiondoa ile dawa, ameandika asipewe tena maisha yake yote. Na ilikuwa ndiyo iliyobaki. Nyingine zinazoweza kufika kwenye mfupa huo, anasema, ni ndugu wa ile dripu ya kwanza. Mguu umeanza kuvimba tena. Alimtoa Pilipili nje kwanza, halafu akaniandikia kwenye karatasi: kama hakuna dawa atakayoivumilia, watazungumza na wewe juu ya kukata mguu kabla uozo haujapanda.

Nililisoma hilo neno nikawa kama nimemwagiwa maji. Pilipili aliporudi akaninong'oneza sikioni, yeye ambaye hanong'onezi, "Ameandika nini?" Nikamwambia ameandika tule vizuri.

Nguo zake chafu mume wako amezikusanya kwenye mfuko. Mimi nashinda hospitali, sijapata nafasi ya kufua.

Shangazi yako


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mgeni hajambo. Nguo za watu zinasubiri, zitasubiri.

Daktari alinipigia kabla barua yako haijafika. Aliposema neno "mguu" nilijibu, "Sawa daktari," kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Nikakata simu, nikaendelea kushona. Nilishona suruali nzima. Nilipoinua macho nikaona nimeifunga miguu yote miwili kwa chini.

Sasa sikiliza jambo la mfuko wa nguo.

Niliufungua nifue. Juu kabisa kulikuwa na lile gauni jeupe nililomshonea mwenyewe. Kifuani kuna doa jekundu, limeshuka mpaka kiunoni. Nikajua ni damu, nikajua mmenificha, mtoto alitapika damu. Nilikaa sakafuni na gauni mapajani, siwezi hata kumwita baba yake.

Halafu nikaona sisimizi. Walikuwa wameingia mfukoni, wanatembea juu ya doa, hawaligusi vazi lingine lolote. Nikanusa, utamu mtupu. Nikatia ncha ya doa kwenye maji baridi. Damu ya siku nyingi huwa ya kahawia na hung'ang'ania. Hii ilitoa waridi, maji yakawa mazuri kama ya sherehe. Shangazi, nimekua ndani ya rangi ile. Nimekwenda shule nayo kifuani. Ningeijua gizani.

Nikarudi kwenye barua yako. "Nilimpa dawa kama tulivyozoea." Mtoto alizoea kupigana na kijiko. Waliozoea kitu kingine ni mimi na wewe.

Na kabla sijakasirika vizuri nikakumbuka barua yangu. Laiti Pilipili naye angekuwa na barafu yake. Mkono huu ndio ulioandika. Nilimkataza kila jirani, nikakataza majani, nikakataza dodoki, halafu mwishoni mwa barua, kwa mapenzi, nikaomba sumu.

Nimempigia Kipara palepale. Akaniambia, "Nilimwuliza shangazi yako kama siku ile kulikuwa na kitu kipya chochote. Alitikisa kichwa." Akasema kama dawa ilichanganywa na rangi, tena ikagandishwa, basi hatujui bado kilichomshtua mtoto. Huenda dawa haina kosa. Lakini hawezi kumjaribu tena kwa kubahatisha, lazima ajue kwa uhakika kilichoingia mdomoni.

Sikuandikii kukugombeza. Hasira ninayo, sitakudanganya, lakini nimeiweka pembeni kama pasi ya moto, tutaishughulikia ikipoa. Ni mguu wa mwanangu. Mume wangu atakuja hospitalini moja kwa moja, na atasimama pale mpaka umwambie Kipara kila kitu: rangi ipi, sukari ipi, uliigandisha vipi. Kisha niandikie na mimi. Uliitia kwenye barafu nyekundu, ndiyo au hapana?

Mama Pilipili


2 Mei

Ndiyo.

Marahaba yako utaipata mbele, mwanangu, niache niseme kwanza.

Nilichukua unga wake, nikauchanganya na maji, sukari na matone ya rangi yangu nyekundu, nikagandisha. Niliuona mdomo wake unaifuata ile barafu, nikajisifu moyoni. Rangi sikuihesabu kama kitu. Kila siku watoto wa shule wanainyonya wanaruka kamba. Ulinikataza dawa, mimi nikaona hii si dawa, ni furaha.

Alipoanguka nilijua, au nusu yangu ilijua. Kipara aliponiuliza nilitikisa kichwa, kwa sababu barua yako ilikuwa mfukoni mwa kanga yangu, na nikaona nikisema barafu itabidi niseme imetoka wapi, na wewe utayasoma maneno yako mwenyewe. Nilidhani nakukinga. Nilikuwa naona ni afadhali dawa ibebe lawama, dawa haina moyo wa kuumia. Sikujua kwamba nikiisingizia dawa nauza mguu wa mtoto.

Mume wako alifika, akasimama mbele yangu. Hakusema neno. Unamjua. Akatoa gauni jeupe kutoka ndani ya shati lake, akalikunjua juu ya benchi la hospitali. Watu wote walilitazama. Nikasema yote, kwa sauti ya kiziwi, korido nzima ikasikia.

Kipara hakunifokea, na ndicho kilichonimaliza. Alinifuata mpaka nyumbani, akataka aone chupa ya rangi. Aliishika, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma ambayo mimi, kwa miaka yote ya biashara yangu, sijapata kuyasoma. Akaniandikia hivi, karatasi ninayo: "Inaweza kuwa rangi. Inaweza kuwa baridi ya barafu. Inaweza kuwa vyote viwili pamoja na homa aliyokuwa nayo. Hatutamjaribu ili tujue. Tutaviacha vyote." Na chini yake: "Tukiogopa kila dawa, vijidudu ndivyo vitakavyobaki na mtoto."

Basi walimjaribu tena kama mara ya kwanza. Asubuhi, chumba chenye dirisha kubwa, wote wapo, dawa ya mzio imetangulia, sindano kwenye sinia, mashine imeshika kidole chake. Unga mtupu kwenye maji ya uvuguvugu, tone moja. Pilipili akanitazama. Akanipigia kelele sikioni, "SHANGAZI, NIKIWA MWEKUNDU UNIAMBIE, MIMI SIJIONI!" Nesi mmoja alitoka nje kujifuta macho.

Nilimtazama mtoto yule mpaka nikasahau kupepesa. Tone. Tukangoja. Robo kijiko. Tukangoja. Mume wako alikuwa ameshika fremu ya mlango kama anaizuia isianguke. Kipimo kizima. Tukangoja, Kipara anamtazama shingo, anamsikiliza kifua, anatazama saa, anamsikiliza tena.

Alibaki rangi yake, mwanangu. Alibaki rangi yake. Aliomba uji.

Mguu umeanza kunywea. Neno lile la kukata aliloliandika Kipara kwenye karatasi, amelikata mwenyewe kwa kalamu mbele yangu.

Sasa nimalizie. Wiki za dawa bado zipo nyingi, na wanataka kumruhusu anywee nyumbani. Mtafutie mtu mwingine. Mwombe mama mkwe wako, ana macho na masikio. Mimi nilikulea wewe kwa kubahatisha na ukapona kwa bahati, sasa nimeliona. Rangi nyekundu nimeimwaga kwenye mtaro. Watoto wa shule wananiuliza, nawauzia barafu nyeupe, wananisonya.

Na marahaba. Kama bado unaniamkia.

Shangazi yako


15 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, ya ile uliyodhani huipati.

Mgeni amefikisha uzito wa manesi. Amepata na jina, lakini ukimwita halijui, anageuka ukisema Mgeni, basi tumemwachia. Baba yao alifika, nikamwuliza habari. Akasema, "Salama." Halafu akakaa kwenye kigoda, bado ana funguo za lori mkononi, akaanza kueleza. Dirisha kubwa. Tone. Kelele ya Pilipili sikioni kwako. Uji. Aliongea mpaka chai ikapoa, nikaitengeneza nyingine, nayo ikapoa. Sijapata kusikia maneno mengi namna ile kutoka kwa mtu yule tangu anioe.

Kuhusu kumtafutia mtu mwingine, jibu ni hapana.

Nimeifikiria sana, si kwa huruma. Hasira yangu imepoa kama nilivyokuambia, nimeishika nikaona haiunguzi tena, ila alama imebaki na nitakuwa nayo. Wewe ndiye uliyempa. Na wewe ndiye uliyechoma paja bila kungoja, na magoti yale, na mikono ile. Mama mkwe angekimbilia kuita watu kwanza, unamjua. Kipara ameniambia kwenye simu kwamba ungechelewa kidogo tu, tusingekuwa na mguu wa kuujadili. Mtu anayeujua uso wa mtoto wangu anapoanza kuiva, kuanzia masikioni, ni wewe. Huyo mwingine atajifunzia juu ya nani?

Lakini nitakuambia jinsi itakavyokuwa. Dawa atakunywa chungu hivyohivyo, unga na maji ya uvuguvugu, mbele yako, kwa kijiko. Akifunga meno, msubiri. Akilia, alie. Wewe mshike mkono tu. Najua huwezi kuona mtoto anakunja uso ukakaa kimya, ndivyo ulivyo, na mimi nimekula matunda yake. Sasa jifunze. Na mimi najifunza, kwa sababu kila nikikuandikia kitu cha mapenzi siku hizi nakisoma tena kwanza. Siku Kipara akikuuliza kuna kitu kipya, mwambie hata kama ni tone la maji ya mvua. Usinikinge tena. Nikingie mtoto.

Mwezi ujao, nikipata ruhusa kazini, nitakuja na Mgeni kumkagua bibi anayesema wageni wanaosha vyombo.

Kwenye mfuko huu kuna lile gauni jeupe. Nimelifua kwa kila sabuni, nimelianika kwenye jua kali, doa limekataa kutoka. Baba yake alisema nilitupe. Sikulitupa. Nimekata kitambaa kinene cheupe, nikashona mfuko kifuani juu yake, ushonaji wa mara mbili, kipimo cha sindano ya dharura, na kifuniko chenye kifungo kikubwa ambacho vidole vyako vinaweza kukifungua bila miwani. Doa liko chini ya mfuko, halionekani. Ila mimi na wewe tunajua lipo.

Mvalishe. Tia sindano humo. Na kila asubuhi kabla ya kijiko, weka mkono wako juu ya mfuko uhakikishe ipo.

Mimi binti yako,
Mama Pilipili